Sauti ya raia isikike: namna ya kutumia egalizeri kwenye video zetu

(Maneno tuliyotoa mbele ya vijana wanaorekodi na kufanya montaji ya video)



Leo hatutazungumza juu ya maandamano wala juu ya barua kwa wakubwa. Tutazungumza juu ya sauti. Tunapokea video kutoka kwa vijana wa kartie mbalimbali: bomba lisilotoa maji, daraja lililobomoka, mama wa soko anayeeleza namna anavyolipishwa taksi mara mbili kwa siku moja. Picha ni safi, ju simu za leo ziko na kamera nzuri. Lakini sauti inafika kama ya mutu anayesemea ndani ya pipa. Raia anasikiliza sekunde tano, anapita kwenye video ingine. Na yule mukubwa ambaye video inamuhusu anatulia: kama hakuna aliyesikia, ni kama hakuna aliyesema.

Tuchukue maneno matatu ya lugha yetu: walifika, walipika, walishika. Tofauti ni konsonanti moja tu. Mama anasema « walishika watoto », wewe unasikia « walifika watoto ». Habari imegeuka kabisa. Ni vile vile kwa sita, vita na pita. Sasa, hizo konsonanti njo sehemu dhaifu ya sauti ya mutu. Vokali zinabeba nguvu, konsonanti zinabeba maana. Upepo, moto zinazopita na mwangwi wa nyumba vinafunika konsonanti kwanza. Unabaki na a, i, i, a, mutu anaimba bila maneno.

Egalizeri njo chombo cha kutengeneza hiyo. Wengi wanaijua kwenye radio ya gari au kwenye baffle za sherehe: vile vitufe vinavyopandishwa na kushushwa, na kila mutu anapandisha besi mpaka madirisha yanatetemeka. Lakini chombo hiki hakikuzaliwa kwa ajili ya sherehe. Jina lenyewe linatoka kwa mafundi wa simu za zamani. Waya ndefu ilikuwa inapoteza sauti nyembamba kuliko sauti nzito, njo maana walitia vyombo vya kusawazisha, ili neno lifike mwisho wa waya likifanana na lilivyotoka. Ni kazi ile ile tunayotaka: neno la mama lifike kama lilivyotoka.

Sauti yote ni mutetemeko. Tunahesabu mitetemeko kwa sekunde moja, na kipimo chake ni herzi. Sikio la kijana mwenye afya linashika toka herzi 20 mpaka karibu 20 000. Musingi wa sauti ya mwanaume anayezungumza kawaida unakaa kati ya herzi 85 na 180, wa mwanamuke kati ya 165 na 255. Watoto wako juu zaidi. Lakini huo ni musingi tu. Juu ya musingi kuna nyumba nzima: vokali zinajengwa mpaka juu ya herzi 2 000, na konsonanti kama s, sh, f zinaenda mpaka 8 000 na kupita. Simu ya zamani ya kupiga tu ilikuwa inapitisha herzi 300 mpaka 3 400 peke yake. Njo maana mutu akitaja jina lake kwenye simu unamuuliza: ni F ao ni S? Sauti inayotofautisha hizo mbili ilikatwa njiani.

Mbele ya kugusa egalizeri, kuna jambo moja la bure linalopita egalizeri zote za dunia: sogeza mikro karibu. Simu ikiwa mita tatu toka kwa musemaji, umerekodi barabara, hukurekodi mutu. Iweke shibiri moja ao mbili toka mudomoni, kidogo kando, ili pumzi ya p na b isigonge mikro. Kama kamera lazima ikae mbali, tumia simu ya pili kurekodi sauti, mama aishike mukononi ao aiweke kwenye mufuko wa juu wa nguo, halafu kwenye montaji mutaunganisha. Piga makofi mara moja mwanzoni, hiyo itawasaidia kulinganisha picha na sauti. Ndani ya nyumba, chumba chenye matela, rido na nguo kinashinda salon tupu yenye simenti. Gari iliyosimama, vioo vimefungwa, ni studio nzuri sana, na watu wachache wanaijua.

Sasa egalizeri yenyewe. Kazi ya kwanza ni kukata chini. Kwenye programu utaona filtri inayoondoa yote yaliyo chini ya kiasi fulani. Kwa mwanaume weka herzi 80, kwa mwanamuke unaweza kupanda mpaka 120. Hapo chini hakuna neno la mutu. Kuna nini? Upepo wa ziwa, mutetemeko wa meza, lori linalopanda mulima, sehemu ya chini ya mungurumo wa jenereta. Umeme wetu huku Kongo ni wa herzi 50, njo maana ukirekodi na simu iko kwenye chaja, wakati mwingine unasikia « mmmm » isiyoisha: ni ile 50 pamoja na mutoto wake wa 100. Filtri inaondoa ya kwanza, ya pili unaweza kuikata peke yake, kwa mukato mwembamba. Lakini ni bora kuondoa chaja. Na musidanganyike kwamba jenereta itapotea yote. Kelele yake inapanda mpaka katikati ya sauti ya mutu, na hapo ukikata, unakata mutu pamoja nayo. Zunguka nyuma ya nyumba, ukuta uzuie kelele.

Kazi ya pili inaomba uvumilivu, na hapa njo tunapenda tukae kidogo. Kati ya herzi 200 na 500 kuna kitu mafundi wanakiita matope. Sauti ya pipa tuliyosema, ya mutu anayeongea ndani ya sanduku, inaishi hapo. Chumba kidogo cha simenti kinaizidisha. Namna ya kuipata: chukua nukta moja ya egalizeri, ifanye nyembamba, ipandishe kwa nguvu, desibeli 8 ao 10, halafu itembeze polepole toka 200 kwenda 500 wakati sauti inacheza. Utafika mahali ambapo sauti inakuwa mbaya kabisa, inavuma kama kopo. Umeishika! Sasa hapo hapo igeuze: badala ya kupandisha, shusha desibeli 3 mpaka 6, na uipanue kidogo. Sikiliza tena. Mara nyingi mutu anatoka ndani ya pipa na kusimama mbele yako, bila wewe kuongeza kitu chochote.

Hiyo njo kanuni yetu: kata kwanza, ongeza baadaye. Vijana wengi wanafanya kinyume. Wanasikia sauti haieleweki, wanapandisha kila kitu, kelele nayo inapanda, na mwisho programu yenyewe inasatire.

Kuongeza kunakuja kazi ya tatu, na kidogo tu. Kati ya herzi 2 000 na 5 000 njo mahali maneno yanaeleweka. Sikio letu lenyewe ni kali sana hapo. Pandisha desibeli 2 ao 3, kwa upana, na usikilize kama walishika imetengana na walifika. Ukipita desibeli 5, sauti inaanza kuchoma, inakuwa kama mutu anakugombeza. Muzee wa miaka 70 anayeongea polepole anaweza kuomba zaidi kuliko kijana. Na kama kuna mutu ambaye s zake zinapiga filimbi, tafuta kati ya 5 000 na 8 000, shusha kidogo. Usishushe sana, ju atakuwa kama mutu aliyepoteza meno.

Hapa tuseme wazi wazo letu. Kuna wenzetu wanaotaka kila sauti ifanane na ya mutangazaji. Wanasikiliza Radio Okapi, ambayo imekuwa masikioni mwetu tangu 2002, na wanataka mama wa soko awe na ile sauti ya studio, nzito na laini. Kusikiliza radio nzuri ili ujue sauti safi inasikika namna gani, ni sawa, tunawashauri mufanye hivyo. Lakini mama wa soko ako na sauti yake. Imekwaruzwa na moshi na kelele za wateja. Majirani zake wanaijua. Egalizeri imusafishie njia, isimubadilishe awe mutu mwingine.

Kitu kingine kinachodanganya masikio: sauti kubwa daima inaonekana nzuri kuliko sauti ndogo. Umepandisha desibeli 3, unasema « aa, sasa iko bien », kumbe umeongeza nguvu tu. Programu iko na kitufe cha kuzima na kuwasha egalizeri. Linganisha mbili zikiwa na nguvu sawa. Kama hausikii faida, ondoa ulichofanya. Na sikiliza kwenye nini? Fanya kazi na ekuteri, lakini mwishoni sikiliza kwenye simu ya kawaida, ile ya bei ndogo, bila ekuteri, ukiwa umesimama nje. Musikilizaji wetu yuko hapo. Baffle ndogo ya simu karibu haitoi kitu chini ya herzi 300. Besi yote uliyopamba usiku kucha, yeye hataisikia.

Kuna ambayo egalizeri haiwezi. Sauti iliyosatire wakati wa kurekodi, ile inayopasuka « krrr » kila mutu akipaaza, haitengenezwi na egalizeri, ju vilele vya mawimbi vilikatwa na havipo tena kwenye fishie. Upepo mukali ukigonga mikro ni hivyo hivyo: weka eponji ao kitambaa, ao umupe upepo mugongo. Mvua juu ya manjanja inajaza frekansi zote mara moja, toka chini mpaka juu, hakuna mahali pa kukata. Subiri ikatike. Mwangwi mukubwa wa kanisa tupu nao utapunguza kidogo tu. Ni bora kurudilia mahojiano kuliko kukesha kwenye ordinatere.

Na sasa jambo zito kuliko yote. Kuna vijana wanaotuuliza: mutu akitoa ushuhuda na anaogopa, tunaweza kutumia egalizeri ili asijulikane? Jibu ni hapana. Ukikata chini na juu, sauti inakuwa kama ya simu, lakini kila siku tunawatambua ndugu zetu kwenye simu kwa neno moja: halo. Namna ya kuvuta maneno, lafuzi, kikohozi, misemo ya nyumbani, vyote vinabaki. Ata ile ya kufanya sauti iwe nzito kama ya jitu, mutu mwenye programu anaweza kujaribu kuirudisha. Kama usalama wa mutu uko hatarini, andika maneno yake, mutu mwingine ayasome, na useme kwenye video kwamba ni maneno yaliyosomwa. Ondoa majina ya avenue na ya watoto wake. Hapa hatutafuti video nzuri, tunalinda maisha ya mutu.

Upande wa pili: kuna siku mutu mwenye madaraka atasema video yenu ni ya uongo, imetengenezwa. Basi fishie ya kwanza, vile ilivyotoka kwenye simu, haiguswi. Nakili, fanya egalizeri kwenye nakala, na ile ya asili iwekwe mahali pawili, na tarehe yake. Kusafisha sauti si kosa, kila radio inafanya. Kukata neno katikati ya sentensi ya mutu ili aseme kisichokuwa chake, hiyo ni kitu kingine, na kwetu haikubaliwi. Tia pia maandishi chini ya picha. Kuna watu wasiosikia, na kuna wanaotazama bila sauti ndani ya basi.

Kuhusu programu hatutakawia. Audacity ni ya bure na inafanya kazi ata kwenye ordinatere ya zamani. Humo utapata egalizeri ya kuchora mustari na ile ya vitufe. Kwa montaji, Kdenlive ni ya bure na iko na filtri za sauti. DaVinci Resolve iko na toleo la bure lenye egalizeri nzuri sana, lakini inaomba mashine yenye nguvu. Kwa wenye simu tu, muangalie kama aplikasio yenu ya montaji iko na egalizeri yenye nukta nyingi. Zile zenye majina tu, « besi », « sauti safi », zinaamua kwa niaba yako bila kukuonyesha. Na mukitutumia kazi kwa WhatsApp, tumeni kama dokumenti. Ukituma kama video ya kawaida, inabanwa, na kazi yako ya usiku inapungua njiani.

Sasa kila mumoja atoe simu na ekuteri. Tutarekodi sentensi moja, walifika, walipika, walishika, mara ya kwanza hapa ndani, mara ya pili kule barabarani karibu na jenereta ya jirani. Ordinatere ni mbili tu, tutakaa kwa zamu. Wadada waanze, ju kwenye mafunzo mengi vijana wanaume wanakimbilia mashine na kuikalia mpaka mwisho.