Na Atajifunzia Wapi?

Ile picha ya kughushi mmeiona. Ambaye hakuiona kasimuliwa, aliyesimuliwa kaiomba, aliyeiomba katumiwa, maana ndivyo zinavyokwenda. Hatutaieleza tena. Imekwisha kukanushwa, imekwisha kulaaniwa, na watu wamekumbushwa kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 bado ina meno. Sawa. Anayebandika kichwa cha mtu kwenye mwili wa mwingine ili amdhalilishe hana wa kumtetea kwenye kituo hiki cha redio.

Kinachotusumbua ni kingine. Wiki nzima vijana wameambiwa waache kuchezea picha. Wiki nzima. Na wanaowaambia ni wale wale wanaowahimiza kila siku wajiajiri kwa kompyuta, wajiajiri kwa simu, wajiajiri kwa ubunifu. Kuhariri picha ni ubunifu. Kuwasha moto usiokuwepo ndani ya filamu ni ubunifu. Sasa kijana wa Masasi au wa Kibondo, aliyemaliza kidato cha nne, anayetaka kuijua kazi hii mpaka mwisho wake na kuifanya kihalali, atajifunzia wapi?

Mtu atajibu upesi: mtandaoni. Kila kitu kiko mtandaoni. Kweli kiko. Na bando?

Tukubali kwanza kwamba kiko, tusije tukaambiwa kazi yetu ni kulalamika tu. Kwa miaka mingi mlango ulikuwa mmoja, Photoshop, programu ya ndugu wawili, Thomas na John Knoll, iliyotoka mwaka 1990. John wakati huo alikuwa mwajiriwa wa kampuni ya George Lucas inayotengeneza efekti za sinema, kwa hiyo kazi hizi mbili, ya picha na ya filamu, zimekuwa jirani tangu mwanzo. Lakini tangu 2013 matoleo mapya ya programu hiyo hayanunuliwi yakawa yako. Unayalipia mwezi kwa mwezi, kwa kadi ya benki. Ndiyo maana vijana wengi wa studio zetu za picha za pasipoti, nenda Kariakoo, nenda Sumbawanga, wanatumia toleo la wizi walilopewa na mtu aliyepewa na mtu, pamoja na virusi vyake. Hilo linajulikana, na hatujasikia likitolewa onyo.

Njia halali ya bure ipo. Mwaka 1995 wanafunzi wawili wa chuo kikuu cha Berkeley, California, walianza kuandika GIMP, na programu hiyo inaendelea mpaka leo bila kumdai mtu senti. Inakata, inafuta, inapanga picha kwa leya, yaani tabaka juu ya tabaka, inageuza rangi ya nyuma ya picha ya pasipoti kuwa ya bluu. Kwa upande wa efekti ipo Blender. Hiyo ilikuwa mali ya kampuni ya Uholanzi iliyofungwa. Mwaka 2002 watumiaji wake wakachangishana yuro 100,000 ndani ya wiki 7, wakaikomboa, na tangu hapo ni ya kila mtu. Filamu ya Flow kutoka Latvia imetengenezwa kwa Blender, na mwaka 2025 ilichukua Oscar ya filamu bora ya katuni. Kwa programu ya bure, jamani! Tena mwaka 2012 watu wa Blender walitengeneza filamu fupi ya maroboti jijini Amsterdam, Tears of Steel, kisha wakaitoa pamoja na picha zake mbichi, zile ambazo mwigizaji bado amesimama mbele ya kitambaa cha kijani, ili anayejifunza aondoe kijani mwenyewe na aweke mji anaoutaka nyuma yake. Shule gani ingekupa zoezi kama hilo?

Na bando?

Maana Blender yenyewe ni megabaiti zaidi ya 300 kabla hujatazama somo hata moja. Na masomo ya kazi hii hayatazamwi kama vichekesho. Huwezi kushusha ubora wa video ili kubana matumizi, kwa sababu mwalimu anaonyesha kitufe kidogo pembeni mwa skrini na lazima ukione. Huwezi kutazama mara moja ukaondoka. Unasimamisha, unarudi nyuma, unajaribu, unakosea, unarudi tena, na kila unaporudi huenda unalipa. Mwalimu anasema sasa bonyeza hapa, na hapo hapo bando linakata. Aprili 2021 nchi nzima ilipiga kelele juu ya bei za vifurushi mpaka viwango vipya vikasitishwa. Kelele zile zilinyamaza. Sisi hatujanyamaza, na wanaochoka kutusikia tukilirudia neno hili wanajua la kufanya.

Wapo watakaosema vijana wanaediti kwa simu na wanaweza. Ni kweli, na baadhi yao wana mikono ya ajabu. Mtu anatengeneza bango la harusi kwa programu ya PixelLab akiwa amekaa kwenye bodaboda, anasubiri abiria. Lakini programu kama CapCut inapokupa kiolezo kilichokwisha kupangwa, kazi kubwa ameifanya mtu mwingine. Wewe umebadilisha sura na jina. Siku mteja akitaka kisichokuwemo kwenye kiolezo, fedha inakwenda kwa mwingine.

Tunasahau pia kwamba elimu hii ndiyo dawa ya ile picha ya wiki hii. Mtu aliyewahi kuhangaika kukata nywele za binadamu kutoka kwenye picha moja kwenda nyingine anajua pa kutazama. Anatazama ukingo wa nywele. Anatazama kivuli kimeangukia upande gani na mwanga umetoka wapi. Anatazama kama shingo na uso vimepigwa na jua moja. Asiyejua anatazama uso, anashtuka, anasambaza. Na udanganyifu wa picha haukuanza na vijana wetu. Mwaka 1982 National Geographic, jarida la kuheshimika, lilizisogeza piramidi za Misri zikaribiane ili zitoshe kwenye jalada. Huko nyuma zaidi, mwaka 1896, Mfaransa Georges Méliès alimpoteza mwanamke mbele ya kamera: unasimamisha kamera, mtu anatoka, unawasha tena. Mchawi wa Bongo Movie mpaka leo anapotea kwa mtindo huo huo, na huo hauhitaji bando.

Wapo pia waliojifunza kazi hii peke yao. Kampala, katika mtaa wa Wakaliga, yupo Isaac Nabwana. Alikuwa mfyatua matofali. Akajifunza mwenyewe kuunga kompyuta na kuhariri, na mwaka 2010 akatoa Who Killed Captain Alex, yenye helikopta na milipuko iliyotengenezwa mezani kwake. Filamu ikatazamwa dunia nzima. Nakala yake ya asili haipo tena, kwa sababu aliifuta apate nafasi kwenye kompyuta ya kutengenezea filamu nyingine. Watu kama yeye tunawasifu sana kwa kujifunza bila msaada. Kituo hiki kinaona kwamba sifa hizo zimegeuka kisingizio cha kutowasaidia.

Na kusaidia tunajua. Mwaka 1973 hatukuwa na intaneti, na vijiji vingi havikuwa na umeme, lakini kampeni ya elimu ya afya, Mtu ni Afya, iliwafikia watu wazima wapatao milioni 2. Kwa nini? Somo liliandaliwa mara moja. Likasomwa redioni, likachapwa kwenye vijitabu, na kila kikundi kikawa na kiongozi wake. Hakuna mwanakijiji aliyeambiwa aende akalitafute mwenyewe, kwa gharama yake, huko liliko.

Sasa sikilizeni. GIMP inaruhusiwa kunakiliwa. Blender inaruhusiwa kunakiliwa. Kitabu cha maelekezo cha Blender kinaruhusiwa kunakiliwa, na Tears of Steel pia. Si wizi; wenyewe wameandika kwamba nakili, gawa, fundishia. Kompyuta moja yenye mtandao mzuri ikivipakua mara moja, usiku mmoja, vinaingia kwenye diski moja, na kutoka hapo kila kijana anakuja na flashi yake na kuondoka navyo. Bila bando. Vile vibanda vinavyoingiza nyimbo na filamu kwenye memori kadi vinafanya hivi kila siku, katika kila mji, kwa mali isiyo yao. Mtandao wa usambazaji tunao tayari. Tumeuacha ubebe sinema za wizi peke yake.

Kwa hiyo mkuu wa chuo cha ufundi, kompyuta zako zinalala Jumamosi. Ziamshe! Maktaba ya mkoa, wekeni diski moja kaunta, mruhusu watu wanakili, wekeni na mtu mmoja wa kuwaelekeza. Taasisi ya Sanaa Bagamoyo, rekodini masomo kwa Kiswahili, mafupi, mepesi, ya sauti na picha, mtupe na sisi sauti tuzirushe hewani, muda tutautoa. Kampuni za simu, mnazo tovuti mnazozifungua bure mnapotaka kutangaza bidhaa zenu. Fungueni na za masomo. Mwenye studio ya picha za pasipoti, futa hilo toleo la wizi wiki hii, weka la halali, na huyo kijana anayekufagilia mlangoni mwonyeshe leya ni nini. Mwenye kibanda cha nyimbo, andika kwa kalamu kwenye boksi, bandika mbele: hapa tunaingiza masomo ya kuediti, bure. Na nyinyi mliotoa onyo wiki hii, tunawaomba mrudi kwenye maikrofoni zile zile, mtaje jengo, siku na saa ambayo kijana wa Masasi akifika atakuta mlango uko wazi. Sisi tutalisoma tangazo hilo asubuhi, mchana na jioni, bila malipo.