Viti vya Ngozi na Hewa ya Bahari



Nimeombwa niseme juu ya viti vya ngozi, maana mmeliona gari langu pale nje mkacheka. Chekeni. Gari lile aliniachia marehemu baba, na viti vyake niliviharibu mwenyewe, hapa hapa Bagamoyo. Nilivipaka mafuta ya nazi! Juma la kwanza viling'aa. Masika yalipoingia vikaota ukungu. Mama alikaa kiti cha mbele, asiseme neno.

Fundi mmoja wa Dar es Salaam ndiye aliyenifunza. Anza na mchanga: utoe kwenye mishono kwa brashi laini, la sivyo utakata uzi. Kisha futa kwa kitambaa chenye unyevu na sabuni nyepesi. Ile ya unga ina magadi, haipatani na ngozi. Chumvi ya jasho na ya bahari huvuta unyevu hewani, basi usiache hata kidogo. Kausha kivulini, milango wazi. Mwisho, mafuta ya ngozi, haba tu, ukijaribu kwanza mahali pasipoonekana.

Kiti cha baba hakikurudi rangi yake. Mama hukaa papo hapo, nami kila mwezi humfutia.