TUMTUMAINI MUNGU, TUSIMJARIBU



Sisi tunaoishi Lumemo tunaujua vema mto wenye jina hilo. Unashuka kutoka milima ya Udzungwa, unapita Ifakara na kumwaga maji yake katika Mto Kilombero. Maji hayo hustawisha mpunga wetu. Na maji hayo hayo, mvua za masika zikizidi, huingia majumbani na kubomoa kuta za udongo. Hapo husikika kauli mbili. Ya kwanza: "Mungu ametuacha." Ya pili: "Mungu ni mwaminifu, tujenge tena palepale, hatutadhurika." Ya kwanza ni kukata tamaa. Ya pili yaonekana kuwa imani, lakini yatupasa kuipima.

Kanisa lafundisha, na Katekisimu ya mwaka 1992 yarudia, kwamba tumaini lina maadui wawili: kukata tamaa na ujuba. Ujuba nao una sura mbili. Mtu hujitumainia mwenyewe kana kwamba hahitaji msaada wa Mungu. Au hutegemea uwezo na huruma ya Mungu huku akikataa kuongoka. Sura hii ya pili hujificha hata ndani ya sala. Shetani alimsimamisha Bwana juu ya kinara cha Hekalu, akatumia Zaburi kumshawishi ajitupe chini. Maneno ya Zaburi yalikuwa ya kweli. Matumizi yake yalikuwa ya hila. Yesu alikataa, si kwa kutilia shaka uaminifu wa Baba, bali kwa sababu mwana hamlazimishi babaye kuthibitisha upendo wake.

Je, Mungu ameahidi nini? Hakuahidi kwamba mto hautafurika. Kwa kinywa cha Isaya aliahidi kuwa pamoja na watu wake wapitapo katika maji.

Wazee wa bonde hili walituachia mfano. Wandamba walijenga madungu, yaani vibanda juu ya nguzo, wakalima na kuvua huku maji yakipita chini ya sakafu. Nani atasema nguzo zile ni upungufu wa imani? Akili iliyozichagua ni zawadi ya Mungu yule yule anyesheaye mvua.

Hapa ndipo haki inapoingia. Mjane aliyejenga ukingoni kwa kuwa hana kiwanja kingine hamjaribu Mungu. Amesukumwa na umaskini. Anastahili msaada, si lawama. Lakini sisi tulio na nafasi ya kuamua, tukigawa viwanja katika mkondo wa maji, tukifyeka miti ya ukingoni na kuacha mitaro ijae taka, kisha nyumba zikianguka tukasema "ni kazi ya Mungu", twamsingizia Mungu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Tukiipuuza kisha tukafanya novena, twamtaka Mungu afute kwa muujiza kile tunachokataa kukirekebisha kwa mikono yetu.

Basi tuazimie mambo matatu. Kila jumuiya, kabla ya masika, iwatambue wazee, wagonjwa na walemavu wake, na ipange nani atawahamisha na kuwapeleka wapi. Pili, tuzibue mitaro na kupanda miti ukingoni. Tatu, tuhudhurie mikutano ya mtaa na kijiji, tuulize kwa upole lakini bila woga: nani anapewa ardhi ya juu, na nani anaachiwa ya majini?

Tukiisha kutenda hayo, tupige magoti kwa amani. Yatakayobaki nje ya uwezo wetu yamo mikononi mwa Mungu, naye hajapata kuvunja ahadi yake. Mungu awabariki. Amina.