Ugonjwa Unaoishi Ukingoni mwa Mto



Mkulima akiona mzabibu unakauka, huukagua mzabibu. Jioni hii nawaomba tuvikague vichaka vya kando ya mto, ambako hakuna jani lililonyauka.

Katika miaka ya 1880, mizabibu ya Anaheim, kusini mwa California, ilikufa kwa maelfu ya ekari. Mwaka 1889 serikali ya Marekani ilimtuma Newton Pierce akachunguze. Chanzo hakukipata, ila ugonjwa ukabaki na jina lake. Kwa miongo mingi ulidhaniwa kuwa wa virusi, hadi mwaka 1973 bakteria walipoonekana kwa darubini ya elektroni. Leo wanaitwa Xylella fastidiosa.

Bakteria hawa huzaana ndani ya mirija inayopandisha maji kutoka mizizini, hadi mirija inaziba. Majani huungua kuanzia kingoni, kisha hudondoka na kuacha vikonyo vitupu kama njiti za kiberiti.

Mimea mingi ya porini, hata hivyo, huwabeba bakteria haohao bila dalili yoyote. Kando ya vijito vya Napa na Sonoma, kaskazini mwa California, kuna mizabibu mwitu, vichaka vya beri vyenye miiba, na vinka, ua la pambo lililotoka Ulaya. Humo huishi mdudu mdogo wa rangi ya buluu na kijani, Graphocephala atropunctata, anayefyonza maji ya mirija hiyo. Msimu wa baridi huupitisha vichakani. Mizabibu ikichipua, huirukia. Akiwapata bakteria akiwa amekomaa, atawabeba maisha yake yote. Ndiyo maana mistari iliyo jirani na kijito hutangulia kufa.

Alexander Purcell wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alionyesha jambo ambalo kwangu ndilo kiini: maambukizi ya mwishoni mwa kiangazi mara nyingi hupotea kwa baridi na kwa kupogoa, yanayodumu ni yale ya mwanzo wa msimu. Basi adui ni wadudu wachache waliovuka baridi katika mimea michache. Nasisitiza hili kwa sababu mwenye hasara hukimbilia panga. Ukingo uliofyekwa wote humomonyoka, na samaki hukosa kivuli. Iondolewe mimea ambamo mdudu huzaliana, na mahali pake ipandwe miti ya asili asiyoipenda.

Kusini mwa California mambo ni magumu zaidi. Homalodisca vitripennis, mdudu mgeni aliyetoka kusini-mashariki mwa Marekani, huruka mbali, hustawi kwenye michungwa, na hufyonza hata matawi magumu. Mashamba ya Temecula yaliumizwa vibaya naye mwishoni mwa miaka ya 1990.

Mwaka 2019, Chuo Kikuu cha California, Davis, kilitoa aina 5 za mizabibu zinazostahimili ugonjwa huu, kazi ya Andrew Walker. Ustahimilivu wa aina hizo ulichukuliwa kutoka Vitis arizonica, mzabibu mwitu. Mkulima anaweza kuzipanda katika mistari ileile ya kando ya kijito.