Ndugu Anayetaka Kuacha Pombe Aende Wapi?

(Hotuba iliyotolewa msikitini baada ya sala ya Isha)



Hukumu ya pombe hatukusimama hapa kuieleza. Kila mtoto wa madrasa anaijua Sura Al-Maida aya ya 90. Tunalotaka kulisema ni lile tunalolinyamazia: wamo miongoni mwetu wanaokunywa gongo, mnazi au bia kila siku, wanataka kuacha, na hawajui wamwendee nani. Msikitini wanaogopa macho yetu, na nyumbani wake zao wanawaficha.

Imam Bukhari amepokea habari za mtu wa zama za Mtume (s.a.w.) aliyekuwa akiletwa mara kwa mara kwa kosa la kunywa. Aliadhibiwa. Mmoja wa waliokuwapo akamlaani kwa kuwa analetwa mno, na Mtume (s.a.w.) akakataza asilaaniwe, akashuhudia kwamba mtu yule anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Sisi mamlaka ya kuadhibu hatuna. Laana tunayo tele.

Tuanze na mwili, maana hapa watu hufa. Aliyekunywa sana kila siku kwa miaka mingi, akikatishwa ghafla, aweza kupata kifafa katika siku mbili za mwanzo. Baina ya siku ya pili na ya nne baadhi yao huweweseka, hutetemeka, huona visivyokuwepo, na moyo huenda mbio. Jamaa humfungia chumbani wakidhani amepandwa na jini. Kumsomea Qur'an ni kheri, lakini asomewe akiwa hospitali, ambako daktari ana dawa za kuzuia kifafa na vitamini B1. Matibabu hayo huchukua siku chache tu. Kazi ndefu ni ile inayofuata, na ndiyo inayohitaji wenzake.

Mwaka 1935, katika mji wa Akron, Marekani, dalali wa hisa Bill Wilson na daktari wa upasuaji Robert Smith, wote wawili walevi, waligundua kwamba mlevi humsikiliza mlevi mwenzake kuliko mwingine yeyote. Ndipo kikaanza chama cha Alcoholics Anonymous. Hakina ada wala orodha ya majina. Sharti ni moja, nia ya kuacha kunywa. Mwaka 1939 walitoa kitabu chenye hatua zao 12, na mwaka 1951 kikaundwa chama cha Al-Anon kwa ajili ya jamaa za walevi. Mama anayelala macho akimsubiri mwanawe naye ana pa kwenda.

Tunaulizwa: Muislamu aende, ilhali mikutano mingi hufanyika katika kumbi za makanisa na mingine hufungwa kwa sala ya Kikristo? Sisi tunasema, mahali ambapo hakuna kikundi cha Waislamu, aende. Wengine wakisali, yeye anyamaze, hakuna atakayemlazimisha. Ugumu mkubwa zaidi uko katika hatua ya tano, inayomtaka mtu aeleze makosa yake mbele ya mwenzake, nasi tumeamrishwa kusitiri aibu. Lakini anayejitangaza kwa kujigamba hafanani na anayefunua kidonda ili kitibiwe. Aeleze yale yanayohitajika kwa tiba, toba aifanye kwa Mola wake peke yake. Waislamu wa Baltimore, Marekani, waliliona tatizo hili, wakaanzisha Millati Islami mwaka 1989 na kuziandika upya hatua 12 kwa misingi ya Uislamu. Na Zanzibar, ambako karibu watu wote ni Waislamu, nyumba za waliokuwa wakitumia dawa za kulevya zimetumia hatua hizohizo.

Kikundi hutafutwaje? Kaulize kitengo cha afya ya akili katika hospitali ya mkoa, au kwa ofisa ustawi wa jamii. Hao ndio wanaojua kikundi gani bado kinakutana na kipi kimekufa. Walioko Kenya wanaweza kupiga simu namba 1192 ya NACADA. Uliza kama mkutano ni wa wazi, ambao ndugu anaweza kumsindikiza, au ni wa wenyewe tu. Uliza lugha inayotumika. Dada zetu waulize kama kuna kikao cha wanawake, kwani aibu yao ni mara mbili na wengi hunywa kwa siri. Wanaofunga watu minyororo au kuwapiga, hata wakijiita watu wa dini, tusiwapelekee mgonjwa wetu.

Wala asihukumiwe kwa kikao kimoja. Kisipomfaa, ajaribu kingine. Akianguka, arudi palepale kesho yake.

Chumba cha pili cha madrasa hakitumiki Jumatatu baada ya Isha. Tumeiomba kamati ya msikiti iwape chumba hicho wale walioacha walio tayari kukaa na wanaotaka kuacha, bila daftari la mahudhurio, na bila yeyote kati yetu kusimama barazani kutazama nani anaingia.