Jengo Zuri ni la Nani?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya kamati za ujenzi na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo)



Kuchora ramani za majengo si kazi yangu; kazi yangu ni watu. Lakini mkiwa mnapanga kujenga, hebu niwaeleze habari za kanisa moja la Kianglikana mjini London. Linaitwa St Martin-in-the-Fields, nalo liko kando ya uwanja wa Trafalgar Square.

Kanisa la zamani mahali pale lilikuwa limechakaa, basi jipya likajengwa kuanzia 1722 hadi 1726. Aliyelichora ni James Gibbs, na hapa sikilizeni vizuri: Gibbs alikuwa Mkatoliki kutoka Scotland. Alikwenda Roma 1703 kusomea upadre, akaacha, kisha akajifunza ujenzi kwa fundi mkubwa Carlo Fontana. Siku zile Wakatoliki Uingereza walibanwa na sheria, lakini Waprotestanti hao walimpa kazi.

Kwanza alichora kanisa la duara. Wenyewe wakasema gharama ni kubwa mno, naye akachora upya. Kwa hivyo msione haya kumwambia mchoraji wenu kwamba pesa hazitoshi!

Mbele aliweka ngazi na nguzo sita nene kama za mahekalu ya Warumi wa kale, na juu yake paa la pembe tatu. Nyuma ya paa hilo ukachomoza mnara mrefu wenye ncha. Wengine walinung'unika kwamba mnara na hekalu havipatani. Lakini Gibbs alichapisha michoro yake katika kitabu 1728, na mtindo huo ukaigwa sana, hasa Marekani.

Sasa tushuke chini ya sakafu. Huko kuna vyumba vya matao vilivyotumika zamani kuzikia wafu. Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza 1914, Kasisi Dick Sheppard alikuja kuongoza kanisa hilo. Askari waliokuwa wakienda Ufaransa au kurudi walipitia stesheni ya Charing Cross, hatua chache tu kutoka hapo. Sheppard akawafungulia milango wapate kupumzika. Katika vita vya pili, watu walijificha humo chini mabomu yakianguka. Kazi ya kuwahudumia wasio na makao imeendelea, na ukarabati mkubwa uliokamilika 2008 uliwatengenezea nafasi bora zaidi. Upo pia mkahawa chini kwa chini, na mapato yake husaidia kanisa.

Mtakatifu Martin mwenyewe, askari wa karne ya nne, alikata joho lake vipande viwili akampa maskini kimoja. Jina na kazi vimepatana, si ndiyo?

Basi, kabla ya harambee ya mawe na mabati, kila kamati ijibu maswali matatu. Jumatatu hadi Jumamosi, nani atalitumia jengo hili? Mama mwenye mtoto mgonjwa, au kijana asiye na pa kulala, ataingia kwa mlango upi? Na ufunguo atakuwa nao nani?

Nguzo sita ziliwapendeza wapita njia. Chumba cha chini ndicho kilichowapokea waliochoka. Tukijenga, tusisahau chumba hicho.