USIIFICHE BARUA

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja, mfanya kazi wa njia ya reli, katika mkutano wa tawi)



Nimeombwa niseme habari ya kupunguzwa kazini. Mimi si mwanasheria wala si karani. Nilisoma shule ya msingi ya misheni, nikatoka hapo nikashika nyundo na spana, na hata leo kazi yangu ni kukaza boli na kubadili mataruma. Lakini habari hii naijua, maana ilinipata mimi mwenyewe kabla sijaja hapa, na imewapata watu niliokula nao sufuria moja. Tena wazee wa chama wamenisomea sheria kifungu kwa kifungu, nami nimeandika katika daftari hili. Basi nitasema neno moja tu, na mengine yatafuata nyuma yake kama mabehewa yafuatavyo injini. Neno lenyewe ni hili: siku ukipewa barua ya kupunguzwa, usiifiche.

Kwanza tuelewe kwamba kupunguzwa si aibu. Reli yetu ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901, na tangu hapo kila badiliko kubwa limewaacha watu kando ya njia. Injini za mvuke zilipoondoka zikaja za dizeli, yule mtu wa kuchochea moto hakuhitajika tena, hata angekuwa hodari namna gani. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na reli iliyokuwa ya nchi tatu ikagawanyika. Mwaka 2006 uendeshaji wa reli ya zamani ulitiwa mikononi mwa kampuni ya binafsi, na maelfu ya wafanya kazi wakatoka. Mwaka 2017 garimoshi la reli mpya likaanza kwenda kati ya Mombasa na Nairobi, na mizigo ilipohama barabara kuu, madereva wa malori na akina mama wauzao chakula njiani wakaona mifuko yao imepungua. Mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa korona, na watu wa hoteli na wa ndege wakarudishwa nyumbani.

Je, watu wote hao walikuwa wavivu? Sivyo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yenyewe inaeleza kwamba kupunguzwa ni kupoteza kazi bila kupenda na bila kosa la mfanya kazi. Nasema tena: bila kosa la mfanya kazi. Kama sheria haikuhukumu, kwa nini wewe ujihukumu mwenyewe?

Lakini wengi wetu twajihukumu, na ndiyo sababu twaificha barua. Namjua mtu mmoja, jina lake silitaji, aliyepewa barua siku ya Ijumaa. Akaikunja, akaitia ndani ya kiatu cha kazini, asimwambie mtu. Kwa majuma matatu alitoka nyumbani alfajiri na ovaroli yake begani, akaenda kuketi chini ya mti karibu na stesheni, akarudi jioni. Mkewe, kwa kuwa hajui lolote, aliendelea kukopa unga na mafuta dukani kwa tumaini la mshahara wa mwisho wa mwezi. Mtoto akaahidiwa viatu. Yule bwana naye akaanza kukopa kwa simu, mkopo huu wa kulipa ule. Siku ukweli ulipojulikana, deni la duka lilikuwa limekwisha kuwa kubwa, na mama yule hakulia kwa sababu ya kazi. Alilia akasema, "Umeniacha nikope peke yangu." Wazee walisema, mficha uchi hazai. Barua ile ilimwondolea kazi, lakini kuificha kulimwondolea na mengine.

Basi barua ionyeshwe kwa nani? Kwa watu watatu, na yafaa wote waione kabla jua la siku ya pili halijatua.

Wa kwanza ni chama. Siku ileile ipeleke kwa katibu wa tawi au mwakilishi wa kazini. Sababu ni kwamba sheria, katika kifungu cha 40, imempa mwajiri masharti, na wewe peke yako huwezi kuona kama ameyatimiza. Kama u mwanachama, mwajiri lazima akiarifu chama chako pamoja na Afisa wa Kazi, si chini ya mwezi mmoja kabla ya siku ya kupunguza, na aeleze sababu na ukubwa wa jambo lenyewe. Kama si mwanachama, lazima akuarifu wewe kwa maandishi, na Afisa wa Kazi vilevile. Tena hawezi kuchagua watu kwa uso au kwa kabila au kwa sababu fulani alibishana na nyapara. Lazima atazame ni nani aliyetangulia kuingia kazini, na ujuzi, na uwezo, na uaminifu wa kila mmoja.

Kisha iko hesabu ya fedha. Sikilizeni vizuri, na mwenye kalamu aandike. Kwanza, notisi ya mwezi mmoja, au mshahara wa mwezi mmoja badala ya notisi. Pili, siku zako za likizo ambazo hukuzitumia, zilipwe kwa fedha. Tatu, malipo ya kuachishwa, ambayo hayawezi kuwa chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Nne, mshahara wa siku ulizofanya kazi hata siku ya mwisho. Kama mkataba wa chama na mwajiri umeweka kiasi kikubwa kuliko hiki, basi ni hicho kikubwa.

Tufanye mfano. Mtu ana mshahara wa Shs. 36,000/- kwa mwezi, na amefanya kazi miaka 11 na miezi 7. Miaka iliyokamilika ni 11. Tukigawa mwezi kwa siku 30, siku moja ni Shs. 1,200/-, na siku 15 ni Shs. 18,000/-. Mara 11 ni Shs. 198,000/-. Ongeza notisi Shs. 36,000/-. Ongeza likizo ya siku 10 ambazo hakwenda, Shs. 12,000/-. Jumla ni Shs. 246,000/-, kabla ya kodi, na bila mshahara wa siku za mwisho. Mtu huyu akipewa Shs. 120,000/- na kuambiwa "shukuru Mungu", atajua la kujibu ikiwa hesabu anayo.

Na hapa liko jambo la sahihi. Kutia sahihi kwamba umeipokea barua hakuna ubaya, andika na tarehe. Lakini karatasi isemayo "nimepokea haki zangu zote na sina dai lingine", hiyo usiitie sahihi siku hiyo, hata wakikuambia kwamba fedha ziko mezani. Mahakama yaweza kuihesabu kwamba umekubali na mambo yamekwisha. Chukua nakala, ilete kwa chama, isomwe. Mimi nilipopunguzwa na mwajiri mmoja wa zamani, katibu wa chama aliisoma karatasi yangu akaona mwaka mzima wa kazi haukuhesabiwa, wala siku za likizo hazikuwamo. Iliandikwa barua moja, tukaenda kwa Afisa wa Kazi mara mbili, nikalipwa. Kama ningeliificha karatasi ile ndani ya kiatu, mwaka wangu ule ungalipotea bure.

Tena msikawie. Lalamiko la kuachishwa bila haki hupelekwa kwa Afisa wa Kazi kabla ya miezi mitatu kupita, na kesi ya mahakamani hufungwa mlango baada ya miaka mitatu. Na msisahau cheti cha kazi. Ni haki yako kwa sheria, kinasema ulifanya kazi gani, tangu lini hata lini. Si barua ya sifa, lakini kwa mwajiri mwingine ni ushahidi kwamba hukuokotwa njiani.

Wa pili wa kuonyeshwa barua ni wa nyumbani. Mwambie mkeo, na wewe dada mwambie mumeo, usiku uleule. Na watoto waliokwisha kuwa na akili waambiwe kwa maneno machache, wasije wakasikia kwa jirani. Fanyeni hesabu pamoja: kodi ya nyumba, unga, karo, mafuta, dawa. Andikeni deni zote. Kama mnakaa nyumba ya kazi, ulizeni kwa maandishi tarehe ya kutoka. Kama karo haipatikani yote, nendeni mapema kwa mwalimu mkuu mkapatane, maana mtu ajaye kabla ya kuitwa husikilizwa kuliko yule atafutwaye. Na matibabu pia: tangu Oktoba 2024 mamlaka mpya ya bima ya afya imechukua mahali pa ile ya zamani, na mwajiri akiisha kukuachisha, hakukati tena wala hakulipii. Nendeni mkaulize namna ya kujilipia wenyewe kabla mtoto hajaugua.

Fedha zikija, zisiwe siri ya mmoja. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Shs. 246,000/- zikifika mkononi kwa siku moja huonekana kama haziishi, lakini ni mishahara isiyotimia saba. Tengeni kwanza chakula na kodi ya miezi sita. Kisha lipeni deni lenye riba kali, hasa yale ya simu. Kinachobaki kitieni benki, na kwa miezi mitatu msinunue chochote kikubwa: si pikipiki, si shamba la kuonyeshwa kwenye picha, si duka la rafiki. Katika siku hizo za kwanza moyo una haraka, na watu wenye maneno matamu wanajua ni nani aliyelipwa juzi. Tena wako mawakala wanaoahidi kazi za ng'ambo. Asiyesajiliwa na serikali, usimpe hata shilingi wala pasipoti yako.

Wa tatu wa kuonyeshwa ni wenzako, na kwanza wale waliokudhamini katika chama cha akiba na mikopo. Hili hatulisemi sana, lakini huvunja urafiki wa miaka mingi. Ukinyamaza na mkopo ukaacha kulipwa, siku moja rafiki yako atafungua karatasi ya mshahara aone amekatwa kwa ajili yako. Nenda kwake mapema, kisha nendeni pamoja ofisini mkaombe malipo madogo kwa muda mrefu. Wengi hukubaliwa. Na wenzako wakijua, ndio watakaokuambia mahali panapotafutwa fundi wa kuchomelea, au dereva, au mlinzi. Mimi mwenyewe kazi hii niliisikia kutoka kwa mtu niliyekutana naye katika foleni ya maji, kwa sababu tu nilikuwa nimemwambia sina kazi.

Sasa nigeuke kwa ninyi mliobaki kazini, maana barua ikiisha kuonyeshwa, lazima wawepo wa kuitazama. Twajua tabia yetu. Mwenzetu akipunguzwa, twapita upande wa pili wa barabara, kana kwamba kupunguzwa kwaambukiza. Simu yake yalia hatuishiki, twadhani ataomba fedha. Ndugu zangu, mtu yule mara nyingi haombi fedha. Anataka kuulizwa habari. Mwiteni mkutanoni. Jina lake lisifutwe haraka katika daftari la tawi. Na katika mapatano yetu na mwajiri, tudai iandikwe kwamba nafasi zikifunguliwa tena, waliopunguzwa waitwe kwanza kabla ya kutafuta wageni. Jambo hilo halimgharimu mwajiri fedha nyingi, bali hupata watu wanaoijua kazi.

Nanyi ambao hamjapata barua, wekeni karatasi zenu leo: barua ya kuajiriwa, karatasi za mshahara, fomu za likizo, kadi ya chama. Zitieni ndani ya bahasha moja, na mtu wa nyumbani ajue mahali ilipo. Mfanya kazi wa njia huikagua reli kabla ya gari kupita, hangoji gari lianguke.

Mwenyekiti, nimesema neno moja kwa maneno mengi. Kupunguzwa kwaja bila kupenda kwetu, na pengine hatuwezi kukuzuia. Lakini kuificha barua ama kuionyesha, hilo li katika mikono yetu. Tuionyeshe kwa chama, tuionyeshe nyumbani, tuionyeshe kwa wenzetu. Kama kuna maswali nitajaribu kujibu, na nisiyoyaweza atajibu Katibu.